Tulimkata alama kwa kusema kweli

Swali la saba kwenye karatasi yetu ya usaili lilikuwa hili: "Tueleze kosa uliloliwahi kulifanya kazini na ulichofanya baada ya hapo." Tuliliweka kwa sababu kila karatasi ya usaili niliyowahi kuiona ilikuwa nalo. Tulikuwa watatu kwenye jopo, na hakuna aliyekuwa amejiuliza jibu zuri la swali hilo linafananaje.

Nafasi ilikuwa ya msimamizi wa ghala. Mimi nilikuwa afisa rasilimali watu wa mwaka wa pili, na huo ndio uliokuwa usaili wangu wa kwanza kuuongoza. Tulichuja maombi mpaka wakabaki wawili: kijana mmoja aliyeijua programu ya kuhesabia mali kuliko hata sisi tuliokuwa tukiitumia kila siku, na mama mmoja wa makamo aliyefanya kazi za ghala miaka mingi, mtu wa kusema taratibu.

Kijana alipofika swali la saba alitabasamu. "Kosa langu ni kupenda kazi kupita kiasi," akasema. "Nasahau hata kurudi nyumbani." Tukacheka naye. Nikamwandikia 8 kati ya 10.

Mama alipofika hapo alinyamaza kwanza, akasogeza kiti karibu na meza. "Niliwahi kupokea mzigo bila kuhesabu," akasema. "Ilikuwa jioni, dereva ana haraka, na mimi nimechoka. Karatasi ilisema katoni 60, nikasaini. Asubuhi nikipanga nakuta 54. Nilihesabu mara tatu nikidhani nimekosea mimi. Halafu nikaenda kwa mkuu wangu kabla hajaniita, nikamwambia, hizi sita zimepotelea mkononi mwangu, sahihi ni yangu. Nikapewa onyo la maandishi. Tangu siku hiyo sisaini mpaka nihesabu, hata dereva anitukane."

Alipotoka, mkuu wa idara alitikisa kichwa. "Huyu anajitangazia uzembe mwenyewe. Katoni sita!" Nami nikaitikia. Nikaandika 4.

Ninaikumbuka ile kalamu mkononi. Nilikuwa nimemsikia mtu akinieleza, bila kupamba, vile anavyokuwa akikosea: anahesabu tena, anakwenda mwenyewe, anabeba sahihi yake, anabadilisha utaratibu wake. Mwajiri hawezi kuambiwa jambo la thamani kuliko hilo na mtu asiyemfahamu. Nikamkata alama sita kwa kuniambia. Yule aliyekwepa swali kwa tabasamu nikampa nane.

Tofauti ya jumla kati yao ikawa alama chache tu. Ukiondoa swali la saba, mama alikuwa mbele.

Ilibaki kuwapigia simu wadhamini, yaani watu ambao mwombaji amewaandika waulizwe habari zake. Bosi wa zamani wa yule kijana alimwaga sifa: mwepesi, programu anaijua, ripoti zake haziwahi kuchelewa. Nikamuuliza, kwa sababu swali lilikuwa kwenye fomu, "Ukipata nafasi, ungemchukua tena?" Kimya. Nilisikia karatasi ikigeuzwa upande wa pili wa simu. Kisha akasema, "Kazi anaijua."

Nikaandika: anaijua kazi, anapendekezwa. Nilikuwa nimeuliza habari ya mtu nikajibiwa habari ya kazi, na pengo lililobaki nikalijaza mwenyewe kwa matumaini yangu. Siku hizi najua kwamba wadhamini wengi hawapendi kumharibia mtu riziki, na wengine wamekatazwa na ofisi zao kusema zaidi ya tarehe na cheo. Kwa hiyo kimya peke yake si ushahidi. Lakini mtu anapozungumza kwa raha dakika kumi kisha akaukwepa mlango mmoja tu, mlango huo ndio wa kubisha tena. Mimi sikubisha.

Tukamwajiri yule kijana. Miezi mitatu ya majaribio ilipita vizuri. Ripoti zilifika kabla ya wakati, rafu zikapangwa upya, na mkuu wa idara alinipongeza mbele ya watu. Tukamthibitisha kazini.

Kilichotokea baadaye kilianza kidogo sana. Mzigo ulikuja pungufu, dereva ana haraka, kijana akasaini bila kuhesabu. Ndiyo, kosa lile lile la yule mama, karibu neno kwa neno. Alipogundua asubuhi, aliingia kwenye programu, ile aliyoijua kuliko sisi sote, akaandika kwamba katoni zilizopungua zimelowa na kuharibika. Mahesabu yakakaa sawa na hakuna aliyeuliza. Mara ya pili ikawa rahisi zaidi. Kufikia mwezi wa saba kulikuwa na safu nzima ya "uharibifu", na mkaguzi wa ndani akauliza swali ambalo mtoto angeuliza: hizo katoni zilizolowa ziko wapi? Nani alizitupa, na hati ya kuziondoa iko wapi?

Kijana akamtaja karani wa ghala. Alisema karani ndiye aliyekuwa akipokea mizigo na kuingiza takwimu akitumia nywila yake yeye kijana. Alisema kwa utulivu, macho makavu, na kwa lugha nzuri ile ile ya siku ya usaili. Barua ya kumtaka karani ajieleze ndani ya saa 48 niliiandika mimi na kuisaini.

Karani alikuja ofisini kwangu kesho yake na daftari. Daftari la kawaida la shule, jalada limechakaa pembeni, limefungwa kwa raba. Ndani, kila ukurasa ulikuwa na tarehe, namba ya gari, idadi iliyoandikwa kwenye hati, idadi iliyopokelewa, na herufi mbili za jina la aliyekuwa zamu. Hakuna aliyemwagiza kuliandika. Alikuwa akihesabu kwa sababu aliona kupokea vitu bila kuvihesabu ni vibaya, na alikuwa akiandika kwa sababu kumbukumbu inadanganya. Siku zote zenye upungufu zilikuwa na herufi za kijana. Alilifungua mbele yangu akakaa kimya, mikono yake ikitetemeka. Nilimwomba msamaha siku hiyo, na nikamwomba tena mbele ya wenzake, kwa sababu barua ile walikuwa wameshaisikia wote.

Kijana hakuwa mwizi. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wakisikia "tabia" kwenye ajira huwaza wizi na ulevi. Hakuchukua hata katoni moja. Alikuwa tu mtu asiyeweza kustahimili kuonekana amekosea, na ustadi wake ukampa njia ya kutoonekana. Mtu mwenye udhaifu huo asiyeijua programu angegundulika wiki ya kwanza.

Ilituchukua wiki mbili kuhesabu ghala zima upya. Tukiwa katika kazi hiyo, mhasibu wetu alinisimulia habari ya benki ya Barings, na baadaye niliitafuta nikaisoma mwenyewe. Ilikuwa benki ya London iliyoanzishwa mwaka 1762. Februari 1995 ilianguka kwa hasara ya pauni milioni 827 zilizopotezwa na mfanyakazi mmoja wa ofisi yake ya Singapore, Nick Leeson, ikauzwa kwa kampuni ya ING ya Uholanzi kwa pauni 1. Hasara aliificha kwenye akaunti namba 88888. Kwa maelezo yake mwenyewe, akaunti hiyo alianza kuitumia mwaka 1992 kufunika kosa la msaidizi mgeni kazini, aliyeuza mikataba 20 ya soko la fedha badala ya kuinunua. Hasara ya siku hiyo ilikuwa pauni 20,000 hivi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni jambo lililotangulia. Kabla ya kwenda Singapore, Leeson aliombewa leseni ya kufanya biashara kwenye masoko ya fedha ya London, na maombi yakakwama kwa sababu alikuwa ameficha deni ambalo mahakama ilikuwa imekwishamhukumu kulilipa. Mwajiri wake alilijua hilo. Akampeleka Singapore vivyo hivyo, na alipoomba leseni ya huko, jambo lile halikutajwa. Taarifa kuhusu mtu huyo ilikuwa mezani mwao, ndogo, isiyopendeza, kabla ya pauni moja kupotea. Nikakikumbuka kile kimya cha kwenye simu.

Watu huniuliza kwa nini sisi waajiri tunang'ang'ania tabia wakati tangazo la kazi linasema shahada na uzoefu. Naweza kujibu kwa kadiri ya ghala tu. Ustadi unakaguliwa: nakupa kompyuta na hesabu, nakaa pembeni, baada ya nusu saa najua. Ukipungua, nakufundisha. Neno lako siwezi kulikagua kila siku. Msimamizi wa ghala anasaini mara arobaini kwa siku, na kila sahihi ni ahadi kwamba alichoandika ndicho alichokiona. Siwezi kusimama nyuma yake mara arobaini. Nikilazimika kusimama, basi nimeajiri watu wawili kwa kazi moja, na wa pili ni mimi.

Halafu kuna wale wanaobaki. Baada ya karani kupewa ile barua, ghala zima lilibadilika. Watu waliokuwa wakiitana na kuambiana "hapa umekosea" wakaanza kuandikiana barua, kila mmoja akijikinga. Wawili waliacha kazi mwaka huo, na mmoja alikuwa fundi wa mashine ambaye mpaka leo hatujapata wa kumfikia. Gharama hii haionekani kwenye kitabu chochote cha hesabu. Mwaka 2015 watafiti Michael Housman na Dylan Minor walichapisha uchambuzi wa wafanyakazi zaidi ya 50,000 katika kampuni 11, na walikuta kwamba kumkwepa mfanyakazi mharibifu, yaani yule ambaye mwenendo wake unaidhuru kampuni au wenzake, kunamwokolea mwajiri zaidi ya mara mbili ya anachopata kwa kumwajiri nyota, yule mmoja katika mia. Walikuta pia kwamba waharibifu hao mara nyingi walikuwa wepesi wa kazi kuliko wastani. Niliposoma hapo niliziona zile ripoti zinazofika kabla ya wakati.

Na kuna jambo jingine kwenye uchambuzi ule ninalowasomea wenzangu kila tunapounda jopo jipya: waliosema kwenye maswali ya kuombea kazi kwamba sheria zifuatwe siku zote ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufukuzwa kwa kuvunja sheria. Ukimuuliza mtu kama ni mwaminifu, umemfundisha jibu.

Nililazimika kujifunza upya kusikiliza, na somo la kwanza lilikuwa kuacha kuchanganya tabia na kupendeza. Yule kijana alinipendeza: alivaa vizuri, alicheka mahali pa kucheka, aliongea kama watu ninaowaheshimu. Nikayachukua hayo nikayaita tabia. Mwanasaikolojia Edward Thorndike aliandika kuhusu kosa hili mwaka 1920, alipoona makamanda wa jeshi wakiwapima walio chini yao: aliyepewa alama nzuri za umbo alipewa nzuri za akili, za uongozi na za tabia pia, kana kwamba ni kitu kimoja. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado tunaketi kwenye meza ya usaili tukifanya vivyo hivyo.

Kosa hili lina upande wa pili, na upande huo unaniuma zaidi kwa sababu anayeumia ni mtu asiye na pa kulalamika. Kwenye usaili mwingine, dada mmoja aliuliza mwishoni saa za kazi zinaishia lini na kama kazi za ziada zinalipwa. Aliuliza kwa adabu, akashukuru, akatoka. Mjumbe mmoja akasema, "Huyu simtaki. Ana kiburi."

Nikamuuliza, "Mkuu, kiburi umekiona wapi? Tusomee ulichoandika."

Akatazama karatasi yake. Alikuwa ameandika majibu yake yote, na alama nzuri. "Unajua tu," akasema. "Mtu mwenye njaa ya kazi haulizi mambo ya malipo."

Tulibishana karibu nusu saa. Neno "tabia" ni pana mno, na ndani yake unaweza kuficha chochote: kabila, dini, umri, lafudhi, mwanamke asiyeinamisha macho, mtu asiyekuwa na ndugu ndani ya ofisi. Ndiyo maana sasa kwenye jopo letu hakuna anayeruhusiwa kusema fulani ana tabia hii au ile bila kutaja tendo: alisema nini, alifanya nini, lini. Kama huna tendo, unachotueleza ni hisia zako, na hisia zako hazikuomba kazi. Dada yule aliajiriwa. Ndiye anayetusimamia mishahara sasa, na hajawahi kukosea hesabu za kazi za ziada za mtu.

Utaratibu wetu wenyewe si wa ajabu. Kila mwombaji anaulizwa maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, na kila mjumbe anaandika alama zake kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Watafiti Frank Schmidt na John Hunter walipokusanya utafiti wa miaka 85 mwaka 1998 walikuta usaili wa namna hii unatabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo ya kupitisha muda, na kwamba idadi ya miaka ya uzoefu, ambayo matangazo yetu yanaililia, inatabiri kidogo sana. Tunauliza mambo yaliyokwisha kutokea, kisha tunachimba. Ulisema mlifanya, wewe ulifanya sehemu ipi? Nani alikusaidia? Mkuu wako alilijuaje? Mtu aliyeyaishi anayosema hukumbuka vitu vidogo visivyo na faida kwake, kama jioni, dereva, na kuhesabu mara tatu. Aliyetunga hurudia sentensi ile ile kwa maneno mengine.

Kwa wadhamini siulizi tena "tabia yake ikoje", maana jibu ni "nzuri" tangu dunia iumbwe. Nauliza, "Akikosea, wewe unajuaje?" Wengine hucheka na kusema, "Ananiambia kabla sijafika ofisini." Wengine hufikiri kidogo, kisha husema, "Mh. Huwa nasikia kwa watu." Hapo sihitaji kuongeza swali.

Nawaonea huruma sana vijana wanaotafuta kazi ya kwanza. Wameambiwa kila mahali wajiuze, na anayejiuza huongeza. Kijana mmoja aliandika kwenye wasifu wake kwamba alisimamia mradi wa watu ishirini. Tulipomuuliza aliwagawiaje kazi, alianza vizuri, akasita, akaziweka karatasi zake chini. "Samahani," akasema. "Niseme ukweli. Sikusimamia. Nilikuwa naandika mahudhurio na kugawa vifaa. Nilihofia mkiona hivyo hamtaniita." Ukumbi ulitulia. Nilimwambia, "Mdogo wangu, hebu tueleze basi hayo mahudhurio." Akaeleza kwa dakika tano jinsi alivyogundua watu wawili waliokuwa wakisainiwa na wenzao, na jinsi alivyolipeleka jambo hilo kwa msimamizi bila kuwaaibisha. Wasifu wake wote haukuwa na kitu kizuri kama hicho, na hakukiandika.

Nafasi ile hakuipata, kwa sababu ilihitaji mtu aliyewahi kusimamia kweli. Nilimwandikia kumweleza hivyo, na nikalitunza jina lake. Miezi sita baadaye palipotokea nafasi ya karani, nilimpigia yeye kwanza. Akaja kwenye usaili na wasifu mpya, mfupi kuliko wa awali. Mstari wa mahudhurio ulikuwa wa kwanza kabisa.

Sijaimaliza habari ya yule mama. Msimamizi wetu, yule kijana, alipoondoka, nilichukua faili la usaili, nikaitoa karatasi yake na kuisoma polepole. Swali la saba, 4, na chini yake maneno yangu mwenyewe: "si makini". Nilikaa na karatasi hiyo kwa muda. Kisha nikapiga simu.

Alinikumbuka mara moja. Nikamwambia nafasi imerudi na kwamba tungependa kuongea naye tena.

"Asante sana, dada, kwa kunikumbuka," akasema. "Nimeshapata kazi mahali. Huu mwezi wa tano sasa."

Nikamwambia nimefurahi. Nikamuuliza, sijui kwa nini, kama huko pia walimuuliza habari ya kosa.

"Waliniuliza," akasema. "Nikawaambia zile katoni sita. Yule bosi akaniuliza kitu kimoja tu: siku hizi unahesabu kabla ya kusaini au baada?"